Daktari Anajibu: Risasi Imebaki Tayani, Je, Ndugu Yangu Yuko Salama?

Tangu mapigano yalipoingia mjini Goma mwezi Januari 2025, safu hii imepokea barua nyingi kuhusu majeraha ya risasi, na si kutoka Kongo pekee. Nyingine zimetoka kaskazini mwa Kenya, ambako wizi wa mifugo siku hizi unafanywa kwa bunduki, na nyingine Tanzania, kwa watu waliovamiwa na majambazi. Nimechagua tano zinazohusu uso, kichwa na shingo, nikaacha majina ya waandishi na kufupisha pale palipohitajika. Barua nyingi zilizofika zinauliza kwanza kama risasi imetolewa au haijatolewa, na naona ni vyema niseme mapema kwamba swali hilo ndilo linalowapotosha wagonjwa na ndugu zao kuliko jingine lolote.

Salamu, Munganga. Mdogo wangu alipigwa na risasi iliyopotea akiwa ndani ya nyumba. Iliingia shavu la kushoto, ikavunja taya la chini. Hospitalini walimtoboa shingo ili apumue, wakamshona na kumfunga meno kwa waya, lakini picha ya eksirei bado inaonyesha vipande vya risasi karibu na sikio. Tumeambiwa havitatolewa. Tunaogopa sumu. Je, waganga walichoka tu? (Msomaji, Goma)

Kwa maelezo yako, waganga hao hawakuchoka; walifanya mambo kwa mpangilio unaotakiwa. Risasi huua au kulemaza kwa njia inayopita, na ikishasimama mwilini kazi yake mbaya huwa imekwisha. Risasi ya bunduki aina ya AK-47 ina uzito wa gramu 8 hivi na hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 700 kwa sekunde. Ile ya bastola ya milimita 9 ina uzito unaokaribiana nayo, lakini kasi yake ni kama nusu tu, na kwa kuwa nguvu ya kitu kinachokwenda hupanda kwa mraba wa kasi yake, risasi ya bunduki hubeba nguvu mara nne hivi ya ile ya bastola. Nguvu hiyo ikikutana na mfupa mgumu kama taya, mfupa husambaratika, na vipande vyake pamoja na meno yaliyong'oka hurushwa ndani ya nyama kama risasi nyingine ndogo ndogo. Ndiyo maana tundu la kuingilia laweza kuwa dogo kama punje ya hindi, ilhali ndani, chini ya ulimi na kuelekea shingoni, uharibifu ni mkubwa.

Hatari ya kwanza ya mdogo wako ilikuwa pumzi. Taya la chini ndilo linaloushikilia ulimi kwa mbele. Likivunjika pande mbili, au kipande cha mbele kikiondoka, ulimi hukosa pa kujishikiza na kurudi nyuma kuziba koo. Ongeza damu, meno yaliyolegea na uvimbe unaokua kwa saa kadhaa, utaelewa kwa nini walimfungulia njia ya hewa shingoni kabla ya jambo jingine lolote. Tundu hilo huwa la muda. Uvimbe ukiisha na akiweza kumeza mate yake bila kukohoa, mrija hutolewa na mara nyingi tundu hujifunga lenyewe kwa siku chache. Kwa sasa mrija wa ndani utolewe na kuoshwa kila siku kama mlivyoonyeshwa, tundu lifunikwe kwa kitambaa chepesi chenye unyevu ili hewa isiingie kavu na vumbi, na maji ya kuoga yasifike hapo kabisa.

Vipande vilivyo karibu na sikio vinahitaji tahadhari ya namna yake. Mbele ya sikio, ndani ya tezi ya mate, ndipo unapopita na kugawanyika mshipa wa fahamu unaofumba jicho, kuinua mdomo na kukunja paji la uso. Daktari anayefukua hapo kutafuta kipande cha risasi ukubwa wa mchele anaweza kumwachia mgonjwa uso uliopooza upande mmoja maisha yake yote, na hapo sioni faida iliyopatikana. Kuhusu sumu, risasi iliyotulia ndani ya nyama huzungukwa na kovu, na madini yake ya risasi huyeyuka kidogo sana. Hali hubadilika ikiwa imelala ndani ya kiungo au mahali inapooshwa na maji ya ubongo na uti wa mgongo, kwa sababu majimaji hayo huiyeyusha. Kwa hiyo swali la kumpelekea daktari wenu ni hili: je, kuna kipande chochote ndani ya kiungo cha taya chenyewe, pale mbele ya sikio panapocheza mtu anapofungua kinywa? Kama kipo, inafaa kupanga kukitoa. Kama hakipo, kiacheni, ila mgonjwa akianza kuumwa tumbo mara kwa mara, kufunga choo na kupungukiwa damu bila sababu, damu yake ipimwe kiwango cha madini ya risasi.

Wapo pia watu wanaosema kwamba risasi huingia ikiwa ya moto na hivyo huua vijidudu. Si kweli, huingia na nyuzi za nguo, udongo na vijidudu vya ngozi, na inapopita kinywani hubeba vya kinywani pia. Chanjo ya pepopunda na dawa za kuua bakteria ni za lazima hata kama tundu ni dogo.

Jambo la mwisho, ambalo ndugu husahaulishwa: mtu aliyefungwa meno kwa waya, hasa baada ya mrija wa shingoni kutolewa, awe na koleo dogo la kukatia waya karibu na kitanda, na anayelala naye chumba kimoja aonyeshwe waya zipi za kukata. Akitapika akiwa amefungwa, hakuna muda wa kumtafuta muuguzi.

Daktari, mimi ni afisa wa kliniki katika kituo kidogo kaskazini mwa Kenya. Baada ya uvamizi wa mifugo hupokea watu waliopigwa risasi usoni au shingoni, na hospitali yenye daktari wa upasuaji iko mbali kwa saa kadhaa. Nina dripu, katheta, dawa za kawaida na nyuzi za kushonea. Nifanye nini, na nisifanye nini? (Msomaji, Samburu)

Barua yako ndiyo iliyonifanya nitenge nafasi kubwa mwezi huu, kwa sababu hatima ya wagonjwa hawa huamuliwa kituoni kwako kabla hawajamwona mtu kama mimi. Eneo lenu lina historia na majeraha haya: huko juu zaidi, Lokichoggio, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua hospitali ya Lopiding mwaka 1987 kwa ajili ya majeruhi wa vita vya Sudan na kuiendesha hadi 2006. Majeruhi wengi waliofika huko walikuwa wamepoteza muda mrefu njiani, kama wako.

Anza na mkao. Mgonjwa aliyeumia uso, mwenye fahamu, anayekaa ameinama mbele huku damu na mate vikidondoka sakafuni, amejichagulia mkao unaomwokoa. Mwache hivyo hivyo, mpe beseni na umsafirishe akiwa ameketi. Nimesikia mara nyingi kuhusu wagonjwa waliofika wakizungumza, wakalazwa chali kwa nguvu ili washonwe au wapigwe picha, wakakabwa na damu yao wenyewe. Aliyepoteza fahamu alazwe ubavu, kinywa kielekee chini, na utoe kwa kidole kilichovaa glovu meno na vipande vinavyoonekana. Ikiwa taya limevunjika mbele na ulimi unarudi nyuma, ushike kwa kipande cha shashi na uuvute mbele. Hata uzi mmoja wa kushonea uliopitishwa kwenye ulimi na kubandikwa nje ya kidevu kwa plasta utakusaidia njiani.

Ikiwa yote hayo yameshindikana na mgonjwa anazimika kwa kukosa hewa, njia iliyobaki ni kufungua koo, na hii ni kwa aliyefunzwa tu. Pitisha ncha ya kidole katikati ya shingo kutoka juu ya zoloto kushuka chini: itatumbukia kwenye kibonde laini kabla ya kugusa pete ngumu. Hapo ndipo pa kufungulia, kwa mkato mdogo na mrija mdogo. Kama hujawahi kufundishwa, omba ufundishwe katika hospitali ya kaunti kabla ya msimu ujao wa uvamizi.

Damu ya shingoni ndiyo ya pili. Kidole kimoja au viwili vikikandamiza moja kwa moja palipo na tundu hufanya kazi kuliko rundo la bendeji lililozungushwa shingo nzima, ambalo hunyonya damu bila kuizuia na huweza kukaba. Jeraha likiwa na kina na kidole hakifiki, tumia katheta ya mkojo yenye puto, kama madaktari wa Afrika Kusini walivyozoea kufanya. Ipitishe taratibu kufuata njia ya jeraha, jaza puto maji safi ya sindano mililita 10 hadi 15 mpaka damu isimame au uhisi ukinzani, kunja mkia wa katheta na kuufunga ili damu isitokee ndani yake, kisha shona ngozi kuizunguka isichomoke. Usiitoe tena. Itatolewa kwenye chumba cha upasuaji, na mtu mwenye vifaa mkononi. Ukiwa na tranexamic acid, dawa ya kupunguza kuvuja damu, mpe gramu 1 kwenye mshipa polepole kwa dakika 10, mradi hazijapita saa 3 tangu ajeruhiwe.

Usipekue jeraha la shingo kwa kidole au kifaa ili kuona limefika wapi, kwa sababu unaweza kuling'oa bonge la damu lililokuwa linauziba mshipa mkubwa. Usikamate kwa koleo kitu usichokiona. Usimpitishe mrija wa puani wa kulishia, maana akikohoa na kutapika, bonge hilo hilo litatoka. Na kola ngumu ya shingo, tuliyofundishwa kuivalisha kila aliyeumia, haimfai aliyepigwa risasi shingoni ikiwa miguu na mikono yake inacheza vizuri. Huficha uvimbe unaokua na damu inayovuja.

Dalili zinazokwambia mgonjwa huyu apewe gari lisilosubiri wengine ni hizi: damu inayoruka kwa mapigo, uvimbe wa shingo unaokua ukiutazama, sauti ya mkoromo akivuta pumzi, mapovu ya hewa yanayotoka kwenye tundu, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Mwenye dalili hizo huenda moja kwa moja kwenye upasuaji. Asiye nazo hupimwa kwanza kwa kipimo cha picha cha CT chenye dawa ya kuonyesha mishipa, na wengi wao hawatapasuliwa kabisa. Kuna jeraha moja hujificha, nalo ni la umio, njia ya chakula. Mgonjwa anaonekana mzima, kesho yake ana homa na maumivu akimeza, na usaha umeshaanza kushuka kifuani. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye tundu la risasi shingoni asile wala kunywa mpaka achunguzwe, hata akilalamika njaa safari nzima.

Jicho likiwa limepasuka, usilikandamize wala kulipaka dawa. Lifunike kwa kitu kigumu kisichogusa mboni, kwa mfano sehemu ya chini ya kikombe cha plastiki kilichokatwa, ukibandike kwenye mfupa unaolizunguka jicho. Kabla hujampa dawa ya usingizi au maumivu makali, mwambie ainue nyusi, afumbe macho kwa nguvu na ajaze mashavu hewa, uandike upande usiocheza. Maelezo hayo ya mstari mmoja ni ya thamani sana kwetu: ncha ya mshipa wa fahamu wa uso uliokatika huweza kutambuliwa kwa kuchochewa na umeme kwa takriban siku 3 tu, na baada ya hapo tunaitafuta gizani.

Usishone uso kituoni. Najua jamaa hupenda kuona jeraha limefungwa. Jeraha la vita la mguu au mkono husafishwa, huachwa wazi na kufungwa baada ya siku 4 au 5. Uso ni tofauti, kwa sababu una damu nyingi, na daktari wa upasuaji anaweza kuufunga mapema hata siku ya pili. Lakini kabla ya hapo inabidi aoshe kwa maji mengi, apunguze kingo zilizokufa kwa ubahili mkubwa, na afunge utando wa ndani ya kinywa kwanza ili mate yasifike kwenye mfupa. Ngozi iliyoshonwa juu ya uchafu humlazimu kuanza upya akiwa na nyama kidogo zaidi.

Shikamoo Daktari. Kijana wangu wa miaka 24 alipigwa risasi kichwani na majambazi mwaka jana. Alifanyiwa upasuaji, anatembea na kuzungumza, ila kipande kimoja kimebaki ndani kabisa ya ubongo. Miezi mitano baadaye alianza kuanguka kifafa. Ndugu wanasema ni kile kipande. Je, twende nje ya nchi kukitoa? (Mzazi, Kahama)

Marahaba, mzee wangu, na pole sana. Kwanza ujue kwamba kijana anayetembea na kuzungumza baada ya jeraha kama hilo amevuka mahali wengi hawavuki. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Mmarekani Harvey Cushing alirekodi kwamba vifo vya askari waliopenywa na risasi au vyuma ubongoni vilishuka kutoka asilimia 54.5 hadi 28.8 katika miezi 3 ya mwaka 1917, baada ya kuboresha usafishaji na ufungaji wa majeraha. Katika zama zake ilionekana ni lazima kila kipande kitafutwe na kutolewa, na alitumia hata sumaku. Vita vya baadaye vilitufundisha kinyume: kufuata kipande kilicho ndani sana huharibu ubongo mzima uliokizunguka, huku faida ikiwa ndogo. Leo tunatoa vinavyofikika, tunasafisha njia, na tunahakikisha utando wa ubongo umefungwa usivujishe maji, kwa sababu uvujaji huo ndio mlango mkubwa wa maambukizi. Akianza kutokwa na maji meupe puani au sikioni, hasa anapoinama, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kifafa hutokana na kovu la ubongo lililobaki kwenye njia ya risasi, na kutoa kipande hakuondoi kovu. Wanajeshi wa Marekani waliopenywa na risasi au vyuma ubongoni Vietnam walifuatiliwa kwa miaka 15, na asilimia 53 kati yao walipata kifafa, baadhi baada ya miaka mingi. Kwa hiyo yaliyompata kijana wako si ajabu wala si uzembe wa waliompasua. Pesa ya safari ni bora iende kwenye dawa za kuzuia kifafa, kila siku bila kukatiza, na kliniki ya ubongo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam ina madaktari bingwa wa eneo hili. Asiendeshe pikipiki, asipande juu, asiogelee peke yake, na asiachwe na moto wa kuni.

Kuna mahali ambapo kipande hicho kina umuhimu, na si wengi wanaoambiwa. Risasi nyingi za bunduki za aina ya AK zina chuma ndani au kwenye ganda lake, na kipimo cha MRI ni sumaku kubwa sana. Kijana awe na karatasi iliyoandikwa kwamba ana kipande cha risasi ubongoni, aionyeshe kila anapopelekwa kupimwa. CT haina tatizo hilo.

Daktari, miaka miwili iliyopita risasi iliondoa sehemu ya taya langu la chini. Nilipona, lakini kidevu kimeingia ndani, mate hunitoka na sasa natembea nimejifunika mtandio hata nyumbani. Je, bado kuna la kufanya? (Msomaji, Nairobi)

Lipo, dada yangu, na miaka miwili si kuchelewa. Mfupa hupandikizwa baada ya nyama kupona na usaha kuisha, jambo linalochukua miezi; wewe umeshapita hapo. Pengo dogo, chini ya sentimita 6 hivi, mara nyingi huzibwa kwa mfupa uliochukuliwa kwenye ukingo wa nyonga. Kubwa zaidi ya hapo, huchukuliwa ule mfupa mwembamba wa upande wa nje wa mguu, chini ya goti, pamoja na mishipa yake ya damu, hukatwa na kukunjwa kwa umbo la taya, kisha mishipa huunganishwa na ya shingoni chini ya darubini. Ni kazi ya siku nzima, na mtu huendelea kutembea vizuri kwa kuwa uzito wa mwili huchukuliwa zaidi na mfupa ule mwingine. Kwa kuwa kidevu chako kimeingia ndani, kovu limevuta ncha zilizobaki, na huenda ukahitaji upasuaji wa kwanza wa kulegeza kovu na kuweka bamba la titani. Uliza kliniki ya upasuaji wa kinywa na taya, na uende na picha zako za kabla ya kuumia, hata ya kitambulisho.

Sitakuahidi uso ule ule. Hata Malala Yousafzai, mtetezi wa elimu ya wasichana, aliyepigwa risasi kichwani nchini Pakistani tarehe 9 Oktoba 2012 na kutibiwa Birmingham na timu kubwa, alihitaji upasuaji wa mshipa wa fahamu wa uso, bamba la titani la fuvu na kifaa cha kusikia, na bado uso wake unaonyesha kilichopita. Ubingwa huu wa kurekebisha uso wenyewe ulikua kwa hatua ndogo ndogo: katika hospitali ya Sidcup, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1917, daktari wa upasuaji Harold Gillies na wenzake walifanya upasuaji zaidi ya 11,000 kwa askari wapatao 5,000, yaani kwa wastani kila mtu alipasuliwa zaidi ya mara mbili. Jipange kwa safari ya hatua kama hizo, na anza na kutotokwa na mate na kutafuna, ndipo sura ifuate. Madaktari wengine hupanga kinyume. Mimi naona mtu anayekula na wenzake mezani huvua mtandio mapema zaidi.

Je, mtu aliyepigwa risasi akifika bila karatasi ya polisi anaweza kukataliwa? (Msomaji, Geita)

Fomu ya PF3 kwa Tanzania, au P3 kwa Kenya, ni ya ushahidi, na ushahidi unaweza kuandikwa huku mgonjwa anatibiwa. Katiba ya Kenya, ibara ya 43(2), inasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ndugu mmoja aende polisi, mwingine abaki na mgonjwa. Nguo zilizotobolewa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, ili zisioze, na risasi ikitolewa ikabidhiwe polisi kwa maandishi, usiichukue nyumbani.